Uso wa Hilaire Pale Barzani

Jumatatu, 3 Juni 2024
Nimeanza rangi za mafuta. Katika umri huu! Nadège, msichana wa mtaani aliyesomea uchoraji Kinshasa, ananifundisha kwa kunakili: picha ya mkulima mzee wa Ufaransa, kofia ya majani, ndevu, mikono magotini. Ni kazi ya zaidi ya miaka mia, ya wale wachoraji waliokataa kulainisha rangi. Waliweka kijani kando ya rangi ya chungwa, wakaliachia jicho la mtazamaji kazi ya kuchanganya. Hata kivuli cha shavu — kijani! Nadège ananicheka: "Papa, mukono yako iko pole sana, kama bateau ya zamani ya mutoni." Sawa. Sina haraka.

Alhamisi, 6 Juni
Binti yangu Adeline amepita. Mumewe Hilaire alikwenda Ubundu kwa pikipiki kununua samaki wakavu, na simu yake haipatikani. Nikamweleza kwamba njia ile ni msitu mtupu, hakuna réseau ya simu. Akasema anajua, donc basi, tuache. Hakuketi.

Jumamosi, 8 Juni
Uso umekuwa mweusi kuliko wa Mfaransa. Sababu ni rahisi: tabaka la chini nililipaka kahawia, nalo linajitokeza. Tena mkono huchora nyuso unazozizoea. Ndevu bado sijazipaka. Nadège alitazama sana, akauliza ni nani. Mkulima, nikasema.
"Hapana, Papa. Huyu iko mutu ya hapa."

Jumatatu, 10 Juni
Nilijaribu kurudisha pua ya Mfaransa. Punguza hapa, ongeza pale, jicho kwenye picha ya asili. Nilipoweka brashi chini — Hilaire. Hata kovu lake la kwenye nyusi, ambalo sikulichora! Unywele wa brashi ulikuwa umenasa hapo. Nimeutoa. Alama imebaki.

Jumanne, 11 Juni
Upumbavu wangu! Kwa unyevu huu mafuta hayakauki, nikaitoa picha nje barzani, mbele ya mlango, nikaiweka juu ya kiti na kuikinga jua kwa matawi ya mchikichi. Niliwaza rangi tu. Lakini picha ya mtu kitini, na matawi ya mchikichi mbele ya nyumba — hapa kwetu hilo ni tangazo la msiba. Hakuna mtoto asiyejua.

Jirani yangu Mama Chimène ndiye aliyeona kwanza. Beseni likamdondoka.
"Hilaire! Yezu wangu, tangu lini?"
Ni zoezi, mama, nikamwambia, ni Mfaransa! Akanitazama kwa huruma.
"Papa, lia tu. Usizuie."

Kabla ya jua kuwa kali, viti vya plastiki vilikuwa vimefika, na turubai. Niliingiza picha ndani. Wanaume wakaitoa tena, kwa heshima zote. Kisha Adeline, mbio. Nilitaka acheke. Akaitazama, akageuka kwangu.
"Papa, nani alikupigia simu? Ulijua, ukanificha."
Akavua viatu, akaketi chini mkekani.

Jumatano, 12 Juni
Wanaimba tangu asubuhi. Mama Chimène amemfumua Adeline nywele, kama wanavyofanyiwa wajane.

Simu yangu imelia. Hilaire! Pikipiki ilimfia msituni. Sasa yuko Lubunga, ng'ambo, anavuka mto. Nimetoka na kuwatangazia wote: yu mzima, nimemsikia kwa sikio langu! Hakuna aliyenyanyuka.
"Na wafu siku hizi iko na simu?" akauliza Mama Chimène. Hakuwa anatania.

Naandika dirishani. Hilaire amefika. Amesimama mbele ya kiti, mfuko wa samaki begani, anautazama uso wake. Nyimbo zimekatika. "Mbote na bino," anasalimu. Wa mstari wa mbele wanarudisha viti nyuma, polepole.

Adeline ameingia, amenishika mkono.
"Papa, usimwitikie. Anayeitikia mfu humfuata."

"Beau-père!" Hilaire ananiita, mimi baba mkwe wake. "Beau-père, ni mimi!"

Sauti ni yake. Nimewaeleza watu wote hawa kwamba ni mzima, nikatoa na sababu. Anaita tena, na bado sijaitikia.