Arobaini na Nne Juu ya Arobaini

Jumanne, 3 Machi
Vyombo nimeosha. Kazi ya Kiingereza nimemaliza. Sasa hesabu. Mwalimu Lumbasi anataka Alhamisi nifundishe darasa uwezekano. Mimi! Mtu anayeitikia jina kwa sauti ndogo mpaka anaandikwa hajafika. Naogopa. Mfano nimepata: ukichagua mwanafunzi mmoja wetu, kuna uwezekano gani kwamba anaimba kwaya ya kanisa, au anaendanga Malinya kutazama fahali wakipigana?

Alhamisi, 5 Machi
Aibu. Tuko arobaini. Wa kwaya ishirini, yaani kwaya nzima. Wa fahali ishirini na wanne, kwa kura ya siri. Nikajumlisha ubaoni: 44/40. Brayo akapaza sauti kutoka nyuma, "Weh, hao wanne wametoka wapi, Likuyani?" Darasa zima likacheka. Uwezekano haupitangi moja, najua! Mwalimu amesema nirekebishe Jumatatu.

Jumamosi, 7 Machi
Nakiri hapa tu. Asubuhi na mapema nilikuwa Malinya. Mama nilimwambia naenda kusoma na Mercy. Mercy alikuwa kando yangu, anapiga kelele. Ngoma za isukuti, vumbi, fahali wawili wamefungana pembe. Nikatazama watu. Nusu ya kwaya iko hapa! Nikacheka peke yangu. Hawa nimewahesabu mara mbili. Niwatoe mara moja.

Lakini wako wangapi? Hakuna atakayesema. Mwalimu Lumbasi ndiye kiongozi wa kwaya, na sheria yake ni moja: akijua ulienda kwa fahali, huimbi Jumapili inayofuata. Na tarehe kumi na tano solo ni yangu, niimbe peke yangu. Ya kwanza. Nikiongea natetemeka, nikiimba sitetemeki.

Jumatatu, 9 Machi
Nilieleza vizuri: jumlisha, halafu toa walio pande zote mbili. Mwalimu akageukia darasa. "Haya, wanakwaya wangu mnaoendanga kwa fahali, mikono juu."

Hakuna mkono hata mmoja. Kutoa sifuri ni kubaki na 44/40. Kuchekwa tena.

Nikainua wangu.

"Wewe, umetuchoma!" Mercy akanong'ona. Akainua wake. Halafu mwingine, na mwingine. Kumi na wawili! Ishirini na ishirini na nne, toa kumi na mbili: thelathini na mbili juu ya arobaini. Nne juu ya tano. Brayo ndiye alianza kupiga makofi.

Mwalimu akaweka alama ya sahihi. "Hesabu ni sawa. Na sheria ni sheria."

Solo imeenda. Nimelia kidogo. Lakini nina furaha, sijui kwa nini.

Jumapili, 15 Machi
Mbele walisimama wanane. Sisi kumi na wawili tulikaa na wazazi. Mama aliniangalia tu. Wimbo ulianza mwembamba kama uji wa mgonjwa. Mahali pa solo palipofika, hakuna aliyeianza. Mwalimu hakugeuka. Alinyoosha mkono wa kushoto nyuma, upande wetu, akaupandisha polepole.

Niliimba nikiwa nimekaa.