Vidole Viwili vya Maisie

Weyburn, Saskatchewan
9 Februari

Dada yangu Verna,

Pokea salamu kutoka kwetu kwenye theluji isiyojua kuaga. Goti lako limepoa? Na shemeji, bado anakoroma mbele ya televisheni? Mimi mzima wa mwili; hayo mengine utayasoma.

Kesi yangu na Colleen ya kugombea malezi ya Maisie ni Jumanne. Wakili wangu aliniagiza niandike daftarini kila nililomfanyia mtoto tangu azaliwe: nani alimpeleka kwa daktari wa meno, nani alimsuka nywele, nani alikwenda kuonana na mwalimu. Nilikaa na kalamu Jumapili nzima, nikapata ukurasa mmoja, tena kwa herufi kubwa. Mwalimu wake nilimkosea jina. Wakili alicheka kwa pua, akaniuliza, bwana wee, mkeo kaleta madaftari matatu, wewe unaniletea kikaratasi cha kutumwa dukani? Akasema kwa hali hii mtoto nitamwona Jumamosi kwa Jumamosi.

Niliogopa, dada. Niliogopa mno. Ndipo wakili akaichimbua karatasi ya hospitali ya miaka mitatu iliyopita, siku baridi ilipomgandisha Maisie vidole viwili hadi vikalemaa. Imeandikwa wazi: mama alimwacha mtoto garini, injini ikazimika. Wakili akapiga meza, akasema hapo tumewapata. Nikatia sahihi kiapo kwamba ndivyo ilivyokuwa.

Colleen alipoletewa nakala sikusikia matusi, nawe unaujua ulimi wake. Alinipigia simu, akaniuliza kitu kimoja tu: Garnet, kweli umeapa? Nikakata simu.

Kisha mama mmoja, ofisa wa mahakama, alimhoji Maisie, naye mtoto akasema aliyemwacha garini ni baba. Wakili ananiambia nisihofu, tutadai kafundishwa na mama yake.

Dada, kaa kitako. Hakufundishwa. Ni mimi. Nilipita klabuni, kwenye mchezo wetu wa kusukuma mawe juu ya barafu, niwaambie jamaa hamjambo tu. Wakanitia kwenye timu, ikawa saa nzima. Colleen alikuwa kazini. Alipofika hospitali alinisogeza kando, akamwambia muuguzi kwamba ni yeye. Unajua mimi naendesha basi la shule. Wangesikia, nani angeniachia tena watoto wa watu? Alinisitiri. Hata wewe nilikudanganya, ukamchukia bure miaka yote hii. Leo sitara yake ndiyo ninayomnyongea.

Wakili anakutegemea uje useme jinsi Colleen alivyo mzembe. Njoo, tafadhali, lakini uje na barua hii umkabidhi jaji. Usinisubiri mimi. Nimejaribu mbele ya kioo, mdomo haufunguki. Nikisimama pale nitaapa tena, najijua.

Nikimkosa mtoto sijui nyumba hii nitaifanyia nini. Na nikimpata kwa njia hii, sijui nitamtazamaje usoni.

Maisie anakusalimu sana. Asubuhi kaniomba nimfungie vifungo vya koti, maana vile vidole havikamati. Nikamfungia. Wakili kasema hilo niliandike daftarini.

Wape wote wa huko salamu zangu, na goti ulitunze.

Ni mimi mdogo wako,
Garnet