Kidole cha Mama

Jumatatu, 4 Machi 1974. Awindiri, Arua
Chaki imeisha tena. Utingo wa lori la Koboko ameniletea salamu za mama: Halima iko sawa, mstari wa uzito kwa kadi ya kliniki iko panda. Alhamdulillahi. Nilimwachisha mwanangu ziwa, nikamwacha kwa bibi yake ili nifundishe huku. Alfajiri nimemsikia tena Rajabu, kaka yake, akikohoa. Rajabu tulimzika mwaka juzi, kulekule kwa mama.

Jumatano, 6 Machi
Mteremko wa mstari. Chagua nukta mbili, pima umepanda kiasi gani, gawanya kwa mwendo wa kulia. Zubeda, msichana mwerevu, mstari unaopanda kauita unashuka. Nikamwita ubaoni. Kidole kikaanza mwisho wa kulia, kikarudi kushoto.
"Si ndivyo tunasoma chuoni, Mwalimu?"
Chuo cha Kurani. Darasa likacheka, nami nikacheka. Halafu nikaikumbuka kadi ya Halima. Mama hajui kusoma kitu ila msahafu. Kesho naomba ruhusa.

Alhamisi, 7 Machi. Kuluba, kwa mama
Vumbi njia nzima. Halima mwepesi, macho yamezama. Mama akanionyesha kadi kwa furaha, kidole kikaanza kulia. "Ona, iko panda tu!"
Nikachukua nukta mbili. Miezi minne, kutoka kilo tisa hadi saba. Hasi nusu. Kila mwezi nusu kilo ya mwanangu inakwenda, na sisi tunashukuru! Nesi wa kliniki alisema naye kwa Kiganda, asichokijua, mama akaitikia ndiyo, ndiyo.
Na kadi ya Rajabu? Mama aliniambia hiyo pia inapanda. Ee Mola wangu.
Nimembeba mtoto. Mama kanifuata hadi barabarani, haelewi kitu.

Jumamosi, 9 Machi. Hospitali, Arua
Maziwa kwa kijiko. Anatapika. Nikisinzia tu, Rajabu yuko mlangoni, amesimama. Leo nimemchukia mama. Basi, nimeandika.

Jumapili, 17 Machi
Homa imeondoka. Nesi ametia nukta mpya, sawa na ile ya mwisho. Mstari umelala. Sifuri, na nimeshukuru kwa hiyo sifuri.
Mama, aliyetufuata hospitali, alikuwa anamkanda Halima miguu. Akauliza polepole, bila kuniangalia: "Ile ya Rajabu, ilikuwa iko panda?"
Nikamwambia ndiyo, mama, ilikuwa inapanda. Akaendelea kumkanda mtoto.