Gari Tatu na Njia ya Lwiro

Nguba, Bukavu, tarehe 14 ya mwezi wa saba

Kwa yaya wangu Yannick, kaka yangu mukubwa,

Ninakusalimia sana, wewe na bibi yako Nathalie na watoto. Kikohozi cha Merveille kimepona? Maman ananiuliza hiyo kila asubuhi, hata kabla ya kuuliza kama chai iko tayari. Sisi huku tunaamka salama. Mvua imekatika, vumbi imeanza, na ziwa iko na ile rangi yake ya wakati wa jua unayoijua. Ningekuandikia kwa simu, lakini message unaisoma ukitembea na unajibu bila kuimaliza. Ndiyo maana ninamupa jirani yetu Eulalie barua hii, anapanda ndege kuja Lubumbashi kesho kutwa. Tafazali, uisome ukiwa umekaa.

Uliniomba nikueleze gari zote tulizojaribu na kwa nini tulichagua moja. Nitakueleza, lakini lazima nianze na kosa langu. Siku ulituma pesa, ulisema kwamba gari hii ni ya Maman, na Papa asishike volan yake, asiiendeshe hata siku moja. Nilikubali. Halafu sikufanya vile. Papa ameendesha zote tatu. Usikunje barua, yaya. Endelea tu.

Komisioneri wetu, mutu wa kututafutia gari, alikuwa Patrice, kijana wa viatu safi na maneno mengi. Kwanza alituletea gari ndogo nyeupe, ambayo kweli ilinipendeza. Motere yake ilinguruma taratibu na haikuwa na njaa ya mafuta. Papa aliipandisha mulima kutoka kando ya ziwa bila shida. Lakini pale pa kuingia avenue yetu, pale mawe yametoka inje, tuliisikia ikikwaruza tumbo. Na Maman ana mutihani wake mwenyewe: anatoka na fimbo yake na sakoshi, ule mukoba wake wa kanisa, anaingia peke yake, anafunga mulango, anafungua, anatoka. Kama mutu anamushika mukono, gari imeanguka mutihani. Ile nyeupe iko chini sana. Tulimuvuta wawili, na nyonga yake ikamuuma mpaka jioni. Tukaachana nayo.

Ya pili ilikuwa jeep ya rangi ya fedha, inang'aa kama sahani mupya. Patrice alisema mwenye gari ni mukubwa fulani anayesafiri na anataka kuuza haraka. Papa hakuangalia rangi. Aliweka kiganja juu ya kapo, kile kifuniko cha motere, akasikia iko moto, halafu akamuambia Patrice kwa heshima kwamba gari ya kuuza lazima tuikute imelala, sasa hii wameiamsha na kuikimbiza kabla hatujafika. Tulirudi kesho yake saa kumi na mbili ya asubuhi, bila kuwaambia. Ilikohoa mara nne. Ilipowaka, Papa alinituma nyuma niangalie moshi, nikaona ya bluu, nzito. Akafungua madirisha, akazima musiki, akaizungusha kwenye mashimo, na chini yetu kitu kikawa kinagonga kama mutu anaomba kufunguliwa. Patrice alisema ni kitu kidogo. Papa alimujibu, "Mwanangu, kama ni kidogo, mukitengeneze kwanza." Tulitembea kwa muguu kurudi nyumbani, na Papa alikuwa anacheka peke yake. Kumbe sikuwa nimemusikia kucheka vile tangu miaka.

Ya tatu ni ya Mama Malaika, infirmière, muuguzi wa hapa mutaani, ambaye bwana yake alifariki na yeye hajui kuendesha. Ni RAV4 ya kijani, ya zamani, volan yake iko kuume kama ya gari nyingi za hapa. Kabla tumuulize neno, alituhesabia ugonjwa wote wa gari: dirisha moja ya nyuma unaivuta na mukono, radio inatoa upepo tu, hewa ya baridi ilikufa. Papa alipenda hiyo sana. Maman aliingia, akafunga mulango, akafungua, akatoka, akaingia tena bila kuombwa. Akasema yeye hatoki tena mpaka wamupeleke fasi fulani.

Basi siku ya posho, jumamosi, tukashika barabara ya Kavumu, Papa mbele na mimi pembeni yake, Maman nyuma. Alijaribu freni kwenye muteremuko, gari ikasimama vizuri, na penye barabara imenyooka aliachilia volan kidogo, gari ikaenda sawa, haikuvuta upande wowote. Lakini kitu nilitaka ujue, yaya, ni kwamba mbele ya kila shimo alikuwa anasema pole pole, "Georgette, kuna shimo." Kila shimo, kutoka Bukavu mpaka Kavumu. Ili Maman apate kushikilia nyonga yake.

Tulipita Kavumu, na pale pa kuingia njia ya Lwiro, penye magari ni machache, Papa alisimamisha. Akashuka, akazunguka, akafungua mulango wangu. Aliniambia nihamie kwenye volan. Nilikataa. Akasema, "Nina miaka makumi sita na tisa. Macho yakinishinda, nani atapeleka mama yako?" Nilikataa tena, na machozi yakaanza. Ndipo Maman akasema kutoka nyuma, "Endesha, binti yangu. Ile siku ilikwisha."

Yaya Yannick, sasa nimefika kwa neno ambalo limenifanya nikuombe ukae.

Siku ya karamu ya diplome yangu, kule Lwiro kwa tonton wetu Marcellin, Papa alikunywa bia. Hiyo ni kweli. Lakini kwa sababu alikuwa amekunywa, alikataa kuendesha. Alinipa ufunguo mimi. Alikuwa amenifundisha miezi miwili, nilikuwa na miaka kumi na tisa na furaha nyingi, na niliendesha mbio. Mvua ilianza. Mbuzi wakatoka. Badala ya kukanyaga freni, nilivuta volan, na tukaanguka ndani ya mufereji. Si Papa aliyevunja nyonga ya Maman. Ni mimi.

Papa alinitoa, akanikalisha kiti cha nyuma, akamushika Maman kichwa. Polisi ilipofika, alisema alikuwa anaendesha yeye, kwa sababu mimi sikuwa na permis, ile karatasi ya ruhusa ya kuendesha. Halafu ukafika hospitali, ukasikia harufu ya bia, ukamuambia mbele ya watu wote kwamba amelewa na kumuvunja mama yetu, na kwamba si baba yako tena. Mimi nilikuwa nimesimama nyuma yako. Nilifungua kinywa. Papa aliniangalia juu ya bega lako, akatikisa kichwa.

Baadaye nilimuomba mara nyingi aniache niseme. Alinijibu kwamba wewe una nguvu ya kukaa na hasira juu yake, lakini mimi ukinichukia nitavunjika. Nikanyamaza, kwa sababu ilinifaa. Kwa mutoto wa miaka kumi na tisa, ule ulikuwa woga. Sasa nina makumi tatu na moja. Kila siku ya Mungu, jumapili, unapigia Maman simu, na Papa akiomba kukusalimia, laini inakatika. Kunyamaza huko si woga tena. Ni uongo wangu.

Ile posho niliendesha mpaka Lwiro. Motere ilizimika mara mbili. Papa aliweka mikono yake juu ya magoti na hakuishika hata freni ya mukono. Tulipofika alishuka mbio, eti anaangalia mahindi ya watu, na niliona anajipangusa macho na kofia.

Ndiyo hiyo gari tulinunua. Nimeandikishwa auto-école, masomo ya kuendesha, na nitapata permis kwa njia ya haki. Sikuombi umusamehe Papa, kwa sababu hakuna kitu alikukosea. Mwenye kuomba musamaha ni mimi, kwako na kwake. Ukichukua wakati kunijibu, nitangoja.

Mukumbatie Nathalie, na umubusu Merveille na wadogo wake kwenye paji. Tonton Marcellin anawasalimia, na mihogo anayowaahidi kila mwaka bado anaahidi. Maman amesoma barua hii yote. Amelia kidogo, halafu amesema nisifute kitu. Papa hajui kama ninaandika. Saa hii yuko inje, ananyoosha waya ya kuanikia nguo. Simu yake iko hapa mezani karibu na mukono wangu. Namba ni ile ile ulikuwa nayo, hakukubali kamwe kuibadilisha.

Mudogo wako anayekupenda,

Élodie