Kiti cha dirishani

Aline mwanangu,

Tukutuku, tukutuku: sauti hiyo ya treni ninayo masikioni tangu utotoni, na niliisikia kinywani mwa mama yako tu. Hapa Gitega tu wazima. Umeuliza kwa nini mimi, mama yako mdogo, hununa mama yako akisimulia safari ile ya treni.

Wazazi walimchukua yeye kwenda Dar es Salaam. Mimi niliachwa Muyinga nilale na bibi, maana mzee halali peke yake. Bibi alinidekeza, lakini dada aliporudi akanitambia: “We mdogo wangu, ungeona milima! Na ile nyika kame ya Dodoma!” Kwa wivu nikakariri vituo vyote. Mpaka leo akisahau kimoja, mimi ndiye ninayemkumbusha.

Jana nilikata tiketi mbili za treni kutoka Kigoma hadi Dar es Salaam. Dada nimeshamwambia: dirishani nakaa mimi.