Mablanketi ya Baba Ukutani

Jumapili, baada ya kipindi

Mwangwi umekwisha. Miezi yote nimehangaika na kile chumba cha redio, kumbe kilitaka mablanketi tu. Nimetundika mawili ya baba ukutani, na simu nimeilaza juu ya sponji karibu na maiki. Sauti imetulia.

Kelele iliyokuwa ikiniudhi kuliko zote ni baba mwenyewe. Kila aliyepiga simu alianza kwa kumwamkia yeye, "Shikamoo mzee," naye akiwa chumba cha pili aliitikia "Marahaba" kwa nguvu mpaka maiki inakoroma. Nilimwomba aache. Alisema mtu akikuamkia ni lazima umwitikie.

Tumemzika Jumanne. Sijalia bado. Sijui kwa nini.

Leo amepiga mama mmoja wa kijiji cha Nambis ambaye hajapata habari za msiba. "Mwanangu, leo sauti ni safi. Shikamoo mzee."

Alikuwa akisubiri marahaba ya baba. Ilibidi nimwambie. Badala yake mimi, ninayemwamkia mama huyo kila wiki, nikaitikia, "Marahaba."

Akasema, "Afadhali, mzee. Leo hujapiga kelele."