Mkanda wa Baba Sikutumii

Georgetown, Karolina ya Kusini
9 Mei

Kwa kaka yangu mpenzi Hezekiah,

Shikamoo. Naomba barua hii ikukute umeketi, maana nakujua, ukiipokea umesimama utaisomea mlangoni na kuikunja kabla hujafika mwisho. Shemeji Odessa hajambo? Wajukuu nao? Sisi huku tunamshukuru Mungu. Mama ni mzima, bado anaimba sauti ya pili kanisani na bado anamkosoa mpiga kinanda. Bamia zimechipua, kamba msimu huu wamenona, na anayekosekana ni wewe tu wa kugombania ukoko wa wali mwekundu.

Sasa tuje kwenye ulichoniagiza. Jumapili uliniambia kwenye simu kwamba ugonjwa wa mgongo wa kwetu kina Prioleau umekufuata mpaka huko Philadelphia. Tena ukacheka, ukasema sasa wewe ni mwanaume kamili wa ukoo, nikutumie mkanda wa Baba. Kaka, mkanda sikutumii. Nitukane kwanza, ukimaliza uendelee kusoma.

Unaukumbuka ule mkanda, wa ngozi, mpana, na kifungo chake cha shaba. Baba aliuvaa akibeba magogo kiwandani, na kiuno kilipoanza kumsumbua akaukaza zaidi. Alipofariki ukaenda kwa Baba Mdogo Amos. Baba Mdogo alipofariki akauchukua kaka yetu Wendell. Wote Mama aliwasugua kwa tapentaini na kafuri, na katika kila mazishi mchungaji alisema migongo hii ndiyo iliyoubeba mji huu. Nasi tukaitikia amina kwa kujivuna. Tulirithishana ule mkanda kama ufalme, kumbe tunarithishana jeneza!

Wiki ya mwisho ya Wendell nilikuwa naye hospitalini. Muuguzi mmoja akaniuliza saratani yake ya tezi dume iligunduliwa lini. Nikamwambia dada, umekosea chumba, huyu wetu anaumwa mgongo. Akanitazama kwa huruma, akanieleza kwamba ugonjwa ulianzia kule chini, kimya kimya, ndipo ukapanda kwenye mifupa ya uti wa mgongo. Miaka miwili mizima Wendell alimlalamikia daktari wake! Akapewa vidonge vya maumivu, akaambiwa apunguze kubeba mizigo. Hakuna aliyemuuliza baba yake alikufa kwa ugonjwa gani. Na hata angeulizwa, angejibu nini? Si angesema mgongo tu, kama sisi sote?

Tulipomaliza kuzika nikaenda kwa daktari wangu, nikamwambia nataka kipimo cha damu cha tezi dume. Yule bwana, kwa upole kabisa, akasema nina miaka arobaini na saba, bado mapema, nirudi nikifika hamsini na tano. Nikamwambia kwetu mtu akifika hamsini na tano anachagua nyimbo za mazishi yake. Nikamuuliza hiyo namba kaitoa wapi. Akasema kwenye utafiti mkubwa wa wataalamu. Nikauliza, waliotafitiwa ni kina nani? Akajikuna shingo, akakiri kwamba karibu wote walikuwa wazungu. Haya! Anajua fika kwamba sisi weusi ugonjwa huu unatupata zaidi, unatupata mapema, na unatuua maradufu, lakini umri wa kungojea tumepewa wa wenzetu. Nikamwambia basi hiyo ni namba yao, siyo yangu, na kwenye kiti hiki sinyanyuki. Akaona sitanii. Nikapimwa.

Sasa nikuambie nililokuficha. Februari sikwenda Florida kumsaidia rafiki kuezeka paa. Nilikuwa hospitalini napasuliwa. Saratani walinikuta nayo, ila ilikuwa bado changa, haijatoka ilikozaliwa. Niliogopa, kaka. Nililia kwenye gari mpaka Ernestine akaninyang'anya usukani. Hadi leo nikicheka sana najikojolea kidogo, navaa pedi kama mtoto, na mambo ya chumbani mimi na mke wangu tunajifunza upya. Naona unavyokunja uso. Ndiyo, na kidole cha daktari cha kupima tezi kwa nyuma nacho kilikuwepo, nikuondolee dukuduku. Dakika haikwisha, na uanaume wangu nilitoka nao mlangoni kama nilivyoingia nao. Kinachoniudhi ni kwamba Wendell alikufa akikiogopa kidole hichohicho.

Kuna na jingine litakalokufanya ungurume. Nimejiunga na utafiti wa saratani hii. Najua utanikumbusha wale wanaume weusi wa Alabama walioachwa waoze na kaswende huku wataalamu wakiwatazama tu. Sijawasahau, wala sitawasahau. Ndiyo maana nilikwenda na Ernestine, tukasoma kila ukurasa, tukawauliza maswali mpaka chai yao ikapoa. Lakini kaka, walipotutumia walituua, na walipotuacha nje ya hesabu wametuua vilevile. Mimi nimekataa yote mawili. Wataniona, wataniandika, na nisipopenda naondoka. Wanao wakienda kupimwa kesho, wasije wakapewa namba ya watu wengine.

Mama nilimwambia juzi. Alitazama viganja vyake, vile vilivyowasugua wote watatu. Akanong'ona kwamba alikuwa anapaka dawa mlangoni na mwizi yuko ndani. Nikamwambia hakuna aliyemwambia, kosa si lake. Akainuka, akautoa mkanda msumarini, akaomba mkasi wa kupogolea. Nilitaka kumsaidia maana ngozi ni ngumu, akanisukuma kwa kiwiko. Aliukata mwenyewe, jasho likimtoka. Kipande kirefu sasa kinafungia mlango wa banda la kuku. Kwa hiyo hata ningetaka kukutumia, sina.

Badala yake nakuja mimi. Jumatano jioni treni itanifikisha huko, na Alhamisi asubuhi una miadi kwa daktari. Tumekupangia mimi na Odessa, usihangaike kumuuliza, funguo za gari anazo yeye. Pengine ni mgongo kweli, umechoka na hilo lori lako, na nitafurahi unicheke mwaka mzima. Ila nitakuwa nimekaa pembeni yako, na daktari akisema tusubiri, atatukuta wawili.

Wasalimie wajukuu, mbusu Odessa, na huyo jirani yako mbishi mwambie naye ajiandae, gari lina nafasi. Ernestine anakusalimu. Mama hakutumi salamu. Anasema amemzika mume, amemzika shemeji, amemzika mwana, na mwisho ni hapo. Kazi yako wewe ni kumzika yeye.

Mdogo wako akupendaye, na mgongo wake mzima,
Linwood